MLANGO WA MKUTANO NI MLANGO WA MFUKO WAKO

Ndugu wanachama,

Mkutano Mkuu unakaribia. Watu wanaulizana makisio yatakuwaje na nani atagombea bodi. Swali la kwanza hakuna anayeliuliza: nani ataketi pale mlangoni, na mezani kwake kutakuwa na nini?

Hebu tutazame mambo yanavyokwenda. Karatasi nyeupe, haina namba, inapitishwa kwenye mabenchi kama sahani ya karanga. Mwanachama anaandika. Jirani aliyefuata soda naye anaandika. Mwingine anamwandikia nduguye aliye shambani. Jioni karatasi inasema akidi imetimia, mikono juu, ukomo wa madeni umepita! Deni likija nani atakatwa? Si yule wa soda. Atakatwa mkulima kwenye malipo ya mazao yake, pamoja na yule aliyekuwa shambani, maana ati sahihi yake ipo.

Na beji je? Beji wanavaa wageni na viongozi. Mwenye chama hana hata kipande cha karatasi kifuani. Jamani, nyumbani kwako mgeni ndiye ajulikane, wewe uwe mtu tu?

Wapo wasemao, "Hapa kijijini tunafahamiana wote." Sawa, kwa sura na kwa ukoo. Lakini sura haisemi nani kalipa kiingilio na hisa. Daftari ndilo linalosema. Tena kufahamiana huko ndiko kunakomfunga karani mdomo. Atamwambiaje shemeji yake kuwa si mwanachama? Daftari likiwa wazi mezani, litamsemea.

Wengine wanataka tungoje mashine za kusoma kadi kama mikutano ya mjini. Mashine ikipewa orodha mbovu, itamtolea beji nzuri mtu asiyehusika. Tuanze na orodha.

Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha ushirika wao mwaka 1844, walishika kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja. Kanuni hiyo ni maneno matupu ikiwa hatujui mwanachama ni nani. Na hapa Tanzania vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, mpaka sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wakati ule sauti yetu ilichukuliwa kutoka juu. Leo tunaigawa wenyewe mlangoni, bure!

Kwa hiyo nadai:

1. Daftari la wanachama liwe mlangoni na makarani wawili wasio wa bodi. Kila mtu aonyeshe kadi, namba yake itiwe alama, aweke sahihi au dole gumba.

2. Aliyehakikiwa apewe beji ya rangi moja, yenye namba yake na muhuri wa chama. Wageni wapewe rangi nyingine, wakae upande wao. Mkono usio na beji ya mwanachama usihesabiwe.

3. Kabla ya ajenda ya kwanza hesabu isomwe kwa sauti. Akidi ikipungua, tuahirishe.

4. Orodha ya soda iwe mbali. Ile ya wanachama ibandikwe ubaoni hapa kesho yake, kila mtu ajitafute.

Daftari tunalo, muhuri tunao. Kinachohitajika ni manila, mkasi na pini. Anayepinga atuambie anaogopa nini kuhesabiwa.

Ushirika ni nguvu, ya waliohesabiwa kwa haki!

Mwanachama mwenzenu