Swichi ya boya: tuanze kuilinda pampu, tanki lifuate



Kiangazi kilichopita nilitembelea bustani ya nyanya ya kikundi kimoja. Simtanki la lita 5,000 liko juu ya mnara, paneli za sola zinapigwa na jua zuri, lakini bomba kavu. Pampu ya kisimani ilikuwa imeungua siku nne kabla, na nyanya ndiyo kwanza zimetoa maua. Swichi ya boya walikuwa nayo, tena nzuri, ndani ya simtanki. Kule chini kisimani hakukuwa na kitu. Kwenye boksi la kuendeshea pampu, pale panapofungwa nyaya za sensa ya kisima, fundi aliweka kipande kifupi cha waya kuunganisha pande mbili. Boksi likiwekewa kipande hicho huamini maji yapo wakati wote, hata kisima kikiwa kitupu.

Lawama si ya kikundi peke yao. Mimi nilipita pale mapema, nikapima nafasi ya mimea na kukagua majani, sikuuliza habari za boksi.

Maoni yangu ni haya: kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, kianzie kisimani. Tanki likifurika unapoteza maji na kupata tope. Pampu ikizunguka bila maji unapoteza pampu. Pampu ya kuzama hupozwa na maji yanayoizunguka, na maji hayohayo hulainisha sehemu zake zinazosuguana.

Piga hesabu. Pampu ya lita 2,000 kwa saa hujaza tanki lile kwa saa mbili na nusu. Wakati wa masika kisima huenda kikaimudu kasi hiyo. Kiangazi kikifika, kisima kilekile kikirudisha lita 1,000 kwa saa, pampu inachota kuliko kinachoingia, na maji yanashuka mpaka yanaiacha. Ndiyo maana pampu hufa wakati ule ambao bustani ina kiu na ndoo ya maji ina bei.

Viwandani jambo hili lilishaeleweka. Boila la mvuke huwekewa kifaa cha kuzima moto maji yakipungua, kwa sababu boila lenye moto bila maji ya kutosha linaweza kulipuka na kuua watu. Kwetu pampu hailipuki, inanyamaza tu, na labda ndiyo sababu hatuiogopi.

Mafundi wengine watakwambia sensa inasumbua, inazima pampu na maji yapo. Ni kweli hutokea, hasa ikipakaa tope. Dawa yake ni kuitoa na kuisafisha. Kuweka kipande cha waya ni sawa na kumfunga mbwa mdomo kwa sababu alibweka usiku.

Kisima kipana cha kuchimba kwa mkono kinafaa swichi ya boya. (Mtaani boya ni mtu mjinga, lakini hili la plastiki lina akili ya kutosha.) Kisima kirefu chembamba hakina nafasi ya boya kucheza, tumia sensa ya kuning'iniza, iwe angalau nusu mita juu ya pampu. Boya lisifike ukutani wala lisizunguke bomba. Kile kizito kilicho kwenye waya wake ndicho kinachopanga: ukikisogeza mbali na boya, maji yatapanda na kushuka zaidi kabla swichi haijageuka, na pampu haitawaka na kuzima kila mara.

Swichi nyingi zina nyaya tatu. Mbili zikitumika, swichi hukata umeme boya likipanda, hiyo ni ya tanki. Ukibadilisha mmoja, hukata boya likishuka, hiyo ni ya kisima. Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo fundi apime kwa multimita asikisie. Waya usiwe na kiungo ndani ya maji. Kama pampu inatumia umeme wa TANESCO, tafuta fundi mwenye leseni, na umeme uzimwe kabla mtu hajagusa maji.

Kabla ya kumlipa, jaribuni pamoja. Kama ni sensa ya kuning'iniza, kabla haijashushwa kisimani iwekeni kwenye ndoo ya maji, pampu iwake. Itoeni kwenye ndoo. Boya la kisimani liacheni lining'inie hewani. Pampu isiposimama, fundi bado hajamaliza kazi.