Acheni Kuwapakia Vijana Treni ya Dar

Kijana wa Kigoma akishajua kuandika programu mbili tatu za kompyuta, ushauri wa kwanza anaopewa ni nauli. Mjomba atachangia, mama atauza gunia la mahindi, na jirani atatoa namba ya mtu wa Mbagala anayeweza kumhifadhi wiki mbili za mwanzo. Hakuna anayeuliza anakwenda kufanya nini hasa. Inachukuliwa kwamba inajulikana: kompyuta ni kazi ya Dar es Salaam, maana huko ndiko kwenye intaneti ya kasi, ndiko ziliko kampuni, ndiko waliko wajuzi. Huku kwetu ni mwisho wa reli.

Imani hii nimeisikia kwa wazazi, kwa walimu, kwa maofisa na, mbaya zaidi, kwa vijana wenyewe wanaoijua kazi. Mimi naishi kwa kuandika programu, nikiwa hapahapa Mwanga, Kigoma mjini, na naiona imani hiyo kuwa ni uvivu wa kufikiri. Mtengeneza programu anahitaji kwanza kabisa kuwa karibu na watu wenye shida anayotaka kuitatua, awaone wakihangaika nayo, wamgombeze anapokosea. Kasi ya intaneti inafuata baadaye, tena mbali.

Hata huo mwisho wa reli una mashaka. Treni ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa anayeitazama ramani kutoka Dar ni kweli njia inaishia hapa. Lakini misafara ya Bagamoyo ilikuwa ikiifuata Ujiji, hapahapa kwetu, miaka mingi kabla ya chuma cha kwanza kulazwa. Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871 alikuta mji wa biashara wenye watu wa kila upande wa ziwa. Mfanyabiashara wa Kalemie au Uvira akishusha mguu Kigoma, kwake yeye hapa ndipo Tanzania inapoanzia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua mkopo wa kuingiziwa kwenye simu, ule ambao programu inaamua yenyewe nani apewe, kiasi gani, na arejeshe lini. Utaratibu ulio rahisi kwa anayeiandika ni marejesho ya kila wiki, kiasi kilekile. Kwa muuza genge wa Kariakoo hakuna tatizo, kila siku anauza. Mpelekee huohuo mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga uone.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, lakini kazi ni ileile: giza liwe zito, taa ivute samaki, wavu uinuliwe. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi inakosa nguvu. Basi siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzishwa, watu hushona nyavu, hucheza bao, hukopa sukari dukani. Katika kila mzunguko wa mwezi wa angani, ambao ni siku 29 na nusu, lipo juma ambalo mvuvi hana kipato kabisa au anacho kidogo mno. Programu ya marejesho ya kila wiki itamgonga katika juma hilo, mwezi baada ya mwezi, na kila mara itamwandika kuwa ni mdaiwa mkorofi. Ukimpa tarehe moja ya kila mwezi bado hujamwokoa, kwa sababu kalenda ya ukutani na mwezi wa angani hupishana kama siku 11 kwa mwaka. Tarehe iliyomkuta na pesa Januari itamkuta mtupu miezi michache baadaye. Halafu ukaja mwaka 2024, Serikali ikalifunga ziwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ratiba ya wiki kwa wiki ingemdai nini mvuvi katika miezi hiyo mitatu?

Kukokotoa umri wa mwezi ni mistari michache ya hesabu. Haihitaji seva, haihitaji bando, inafanyika ndani ya simu ya bei rahisi. Kilicho kigumu ni kujua kwamba inahitajika. Waweza kukaa miaka kumi katika ghorofa yenye intaneti ya radi pale Dar na jambo hilo lisikupitie kichwani hata mara moja. Anayekaa Katonga analijua tangu utotoni kwa sababu siku za mbalamwezi mboga ilibadilika.

Ziwa lina mengine ya namna hiyo. Nchi nne zinaligawana, na tatu kati ya hizo, Kongo upande wake wa mashariki, Burundi na Zambia, ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijipangie saa kwa kufuata mtandao ikinasa mnara wa Burundi, inarudi nyuma saa nzima bila mwenyewe kujua. Mauzo ya saa nne yanaandikwa saa tatu, risiti ya pili inaonekana imetangulia ya kwanza, na hesabu za jioni zinakataa kufunga. Anayeandika programu akiwa mbali ataliita jambo hili kasoro ya ajabu. Huku ni Jumanne ya kawaida.

Au tazama daftari la mama anayeuza dagaa wa jumla pale mwaloni. Nimelishika mkononi. Safu ya kwanza ni jina: “Mama wa Uvira”, “yule wa boti ya bluu”, “Mama wa Uvira mwingine”. Safu ya pili ni mabeseni. Ya tatu ni bei, nyingine kwa shilingi, nyingine kwa faranga za Kongo, nyingine za Burundi, na ukurasa mmoja una dola zilizozungushiwa duara. Pembeni kuna neno moja tu, “bado”, na likikatwa kwa mstari maana yake deni limelipwa. Programu ya biashara yenye fomu inayolazimisha jina la kwanza, jina la ukoo na barua pepe, na inayodhani pesa zote duniani ni shilingi, haiwezi kulishinda daftari hilo. Wala haistahili kulishinda.

Walimu wa kazi hii wapo mjini, ila hawaitwi walimu. Fundi simu ni mmoja wao. Kaa kwenye kibanda chake asubuhi moja usikilize wateja: simu nzito, simu imejaa, simu haipokei picha. Dawa ya kwanza ya fundi ni kufuta programu kubwa ambazo mteja hazitumii kila siku. Ukishaona hivyo mara chache, utaacha kujivunia programu yenye picha zinazocheza na rangi kumi. Utahangaika iwe ndogo, ifunguke haraka, isile chaji. Na utakumbuka wenye vitochi, ambao kwao huduma ni ile menyu inayoanza kwa nyota na kuishia kwa reli, yenye nafasi ya herufi 182 tu kwa ukurasa. Kuandika kitu kinachoeleweka ndani ya herufi 182 ni shule ya peke yake.

Najua hoja inayofuata: bila intaneti ya uhakika, vifaa vya kazi utavipata wapi? Hapa ndipo wanaoshauri nauli hujionyesha kwamba hawavijui vifaa vyenyewe. Git, ambayo watengeneza programu dunia nzima huitumia kutunza historia ya kazi zao, iliandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watu walioko sehemu mbalimbali. Kila mmoja anabaki na nakala kamili kwenye mashine yake, anafanya kazi bila mtandao, na wakikutana wanaunganisha. Kazi yote inaweza kuhamishwa kwa flashi kutoka Gungu hadi Ujiji kwa bodaboda. SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya simu janja karibu zote, ilibuniwa mwaka 2000 na Richard Hipp alipokuwa akishughulikia programu za meli za kivita za Marekani. Alitaka hifadhidata isiyotegemea seva, ili programu isikwame seva inapogoma. Kifaa kilichozaliwa kwa mahitaji ya melini, halafu mtu anakuambia hakifai kandokando ya ziwa!

Na ODK, ya kukusanyia taarifa kwa simu, huhifadhi fomu ndani ya simu na kuzituma mtandao ukipatikana. Walinzi wa misitu wa vijiji vinavyoizunguka Gombe, chini ya mradi wa taasisi ya Jane Goodall, wameitumia kuandika walichokiona msituni, mahali ambapo hata kupiga simu ni bahati.

Kuhusu kujifunza, imani iliyoenea ni kwamba elimu ya kompyuta ni kutazama video, na video zinamaliza bando, kwa hiyo masikini hawezi kujifunza. Video ni njia moja, na kwa maoni yangu ni dhaifu kuliko inavyosifiwa. Kijana anatazama saa mbili, anaona ameelewa, akifunga hawezi kuandika mistari mitano. Miongozo rasmi ya lugha nyingi za kompyuta ni maandishi. Inapakuliwa mara moja, inasomwa mwaka mzima. Wikipedia nzima inasomeka nje ya mtandao kwa Kiwix. Kule Tanga, katika shindano la Global Learning XPRIZE lililomalizika mwaka 2019, zaidi ya watoto 2,000 wa vijiji 170 hivi walipewa vishikwambi vya kujifunzia kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Intaneti haikuwepo, umeme ulikuwa wa jua, na wengi wao hawakuwa wakienda shule. Walijifunza. Sasa mwenye cheti cha kidato cha nne anashindwaje?

Vijana wachache tunaokutana Jumamosi tuna kompyuta pungufu ya idadi yetu. Mmoja anaandika, wengine wanamsimamia mabegani na kubishana. Umeme ukikatika tunahamia kwenye karatasi: tunaandika msimbo kwa kalamu, tunaufuata mstari kwa mstari kwa kidole, tunatafuta utakapokwama. Yupo aliyegundua kosa la faranga na shilingi kwa njia hiyo, taa zikiwa zimezimika, na hakuna mashine iliyomsaidia.

Sitadanganya kwamba mambo ni mteremko. Kompyuta ni ghali. Kwa miaka mingi mkoa huu ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, ukiishi kwa majenereta ya dizeli, na waliosoma wakati huo walipoteza mengi. Kazi za mshahara ni chache kweli, na anayetaka kuajiriwa na benki kubwa huenda akalazimika kuhama. Aende, na Mungu amtangulie. Ninachokataa ni kumfanya kila kijana mwenye kipaji aondoke kama sharti la kuanza.

Tena wanaosema hakuna kinachoweza kufanyika huku wanasahau kwamba kimeshafanyika. Mwaka 2009, Kigoma Vijijini ilikuwa moja ya wilaya tatu, pamoja na Lindi Vijijini na Ulanga, ambamo mpango wa SMS for Life ulijaribiwa. Kila wiki wahudumu wa vituo vya afya 129 waliulizwa kwa ujumbe mfupi wamebakiwa na dozi ngapi za dawa mseto ya malaria na kwinini ya sindano. Walijibu kwa simu zao za kawaida, bila kutozwa. Idadi ya vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo ilishuka kutoka asilimia 78 wiki ya kwanza hadi asilimia 26 wiki ya 21. Ujumbe mfupi tu! Baadaye mpango ukapelekwa nchi nzima.

Lakini angalia nani aliutengeneza. Washirika walikuwa Wizara ya Afya na ushirika wa kimataifa wa kupambana na malaria, pamoja na Novartis, Vodafone na IBM. Kigoma ilitoa wagonjwa, wahudumu na umbali. Maarifa ya kuandika mfumo yaliletwa. Siwalaumu walioleta, kazi yao iliokoa watu. Ninawalaumu waliotazama yote hayo wakahitimisha kwamba Kigoma ni mahali pa kujaribia vitu, halafu wakaendelea kumkatia tiketi kila kijana ambaye angeweza kuandika mfumo wa pili.

Basi mzazi, piga hesabu upya. Nauli, pango la miezi sita Mbagala na chakula cha kutafutia kazi vinatosha kununua kompyuta mpakato ya mtumba. Mnunulie kwanza, akae nayo mwaka mmoja mwaloni, sokoni na kwenye zahanati ya mtaa, ndipo muongee habari za treni. Na nyinyi wa vikoba, wa vyama vya ushirika, wa halmashauri na mnaokopesha wavuvi: mifumo yenu inawadai watu wakati wa mbalamwezi. Vijana wanaoweza kuirekebisha wako Gungu, Mwanga na Ujiji. Waiteni, wapeni kazi, na walipeni kwa wakati.