Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari: Kobe wa Majini wa Asia



Juma hili tutavuka bahari kwenda Bara la Asia, tukawatazame kobe wakaao katika mito, maziwa na vinamasi vya huko. Huenda msomaji akauliza, kobe wa Uchina na Vietnam watuhusu nini? Jibu ni kwamba habari yao ni habari ya majina na daftari, na mtu ye yote aliyepata kushika daftari, liwe la shule, la ushirika au la duka, ataielewa upesi. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mnyama naye, akiwa hana jina katika daftari la mabingwa, au akiwa ameandikwa kwa jina la mwingine, aweza kupotea ulimwenguni pasipo mtu kujua.

Kwanza tutengeneze maneno yetu. Katika Kiswahili, kobe ni wa nchi kavu, na kasa ni wa baharini. Ng'amba ni yule kasa ambaye gamba lake lilifanyiwa biashara tangu zamani katika pwani zetu. Wale wakaao katika maji matamu nitawaita hapa kobe wa majini. Ukiwahesabu wote pamoja, wa nchi kavu, wa baharini na wa maji matamu, aina zao katika dunia nzima ni kama 350 hivi.

NAMNA WANAVYOPANGWA

Mabingwa wa elimu ya viumbe huwapanga wanyama karibu kama sisi tupangavyo jamaa zetu. Kuna ukoo, ndani ya ukoo mna milango, na kila mlango una aina zake. Jina la kitaalamu la mnyama lina maneno mawili, la kwanza ni la mlango wake na la pili ni la aina yake. Desturi hii ilithibitishwa na Carl Linnaeus wa Uswidi, na kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa majina ya wanyama.

Lakini juu ya koo kuna mgawanyo mkubwa zaidi, nao hutazama shingo. Kobe wa majini wa mito na madimbwi yetu ya Kenya, akiogopa, huikunja shingo yake kwa upande na kukilaza kichwa chini ya ukingo wa gamba. Karibu kobe wote wa majini wa Asia huirudisha shingo nyuma moja kwa moja, kichwa kikaingia ndani kama droo ya meza. Kwa alama hii moja tu waweza kujua kwamba hao wawili, ingawa wanafanana sana machoni, walitengana zamani mno.

Wengi wa hao wa Asia ni wa koo tatu. Ukoo wa kwanza na mkubwa ni Geoemydidae, wenye aina kama 70, na nyingi katika hizo ziko Asia. Hawa wana gamba gumu. Baadhi yao, wale wa mlango wa Cuora, gamba lao la chini lina bawaba, hata mnyama aweza kulifunga kama sanduku akiwa ndani. Ukoo wa pili una aina moja tu iliyo hai, naye ni kobe wa kichwa kikubwa, akaaye katika vijito vya milimani. Kichwa chake hakiingii kabisa ndani ya gamba, kwa hiyo Mungu amemvika ngao ngumu kichwani. Mkia wake ni mrefu, naye ni hodari wa kukwea mawe. Ukoo wa tatu ni Trionychidae, kobe wa gamba laini. Gamba lao halina magamba magumu ya juu, bali limefunikwa kwa ngozi. Pua yao imechongoka kama kibomba, nao huitoa nje ya maji ili wavute pumzi bila kuonyesha mwili.

Ukoo huu wa tatu ndio unaotuunganisha na Asia. Yuko kobe wa gamba laini wa Mto Nile, ambaye hupatikana pia katika Ziwa Turkana. Tena katika mito ya kusini ya Tanzania, na katika Malawi na Msumbiji, yuko kobe mwenye vifuniko viwili vya ngozi vifunikavyo miguu yake ya nyuma. Jamaa zake wa karibu, mbali na wale wengine wa Afrika, wako India na nchi za jirani, nao wana vifuniko vile vile. Ndugu hao wametenganishwa na bahari, lakini ukoo haukufutika.

MAISHA YAO

Mambo ya kobe hawa ni ya kustaajabisha. Kwa wengi wa ukoo wa kwanza, mtoto kuwa jike au dume hutegemea joto la mchanga ambamo yai limefukiwa. Joto likizidi hutoka majike. Kwa wale wa gamba laini si hivyo. Jambo hilo hukatwa na urithi wa wazazi, kama ilivyo kwa binadamu. Mwaka 2012 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba kobe wa gamba laini wa Uchina hutoa kwa njia ya kinywa sehemu kubwa ya taka ambazo kwa wanyama wengine hutoka kwa mkojo. Akiwa nchi kavu huzamisha kichwa katika dimbwi na kusukutua. Naye kobe wa Cantor, ambaye ni mkubwa sana, hujifukia mchangani chini ya maji, akabakiza macho na pua, akangoja samaki apite karibu.

Lakini jambo la kukumbuka kuliko yote ni upole wa kukua kwao. Wengi huchukua miaka mingi, pengine zaidi ya kumi, kabla ya kutaga yai la kwanza. Mayai huliwa na wanyama, na vitoto huliwa na ndege na samaki. Aina nzima hudumu kwa sababu wazee wachache wanaishi miaka mingi na kutaga mara nyingi. Kwa hiyo mvuvi akiondoa vitoto mia, hasara yaweza kufidiwa. Akiondoa majike wazima kumi kila mwaka, mto huisha kobe. Na hilo ndilo lililotokea Asia katika miaka ya 1980 na 1990, fedha zilipoongezeka na mipaka ya biashara ikafunguliwa. Kobe walikusanywa kwa magunia kutoka nchi nyingi kwenda masoko ya Uchina, kwa ajili ya nyama na dawa.

ALIYEANDIKWA KWA JINA LA MWINGINE

Sasa tuje kwenye daftari. Mwaka 1873, John Edward Gray wa jumba la makumbusho la Uingereza alieleza kobe wa gamba laini kutoka Shanghai, akampa jina la Robert Swinhoe, balozi mdogo wa Uingereza aliyependa sana elimu ya viumbe. Mwaka 1880 padre Mfaransa wa Shanghai, Pierre Heude, alieleza kobe wengi wa gamba laini wa nchi hiyo, akatoa majina mengi kupita kiasi. Baadaye mabingwa waliyaona majina yale kuwa mzigo, wakayafuta kwa wingi. Katika kufuta huko, yule kobe wa Swinhoe naye akafichwa, akahesabiwa kuwa ni yule mkubwa mwingine, kobe wa Cantor. Ni mwaka 1988 tu ndipo Peter Meylan na Robert Webb walipoonyesha kwamba yeye ni aina halisi, wa mlango uitwao Rafetus, na kwamba ndugu yake wa pekee anaishi katika mito ya Frati na Hidekeli.

Msomaji na afikiri maana yake. Katika miaka yote ile mito ilikuwa ikizibwa kwa mabwawa, na kobe wakivuliwa. Lakini hakuna aliyeweza kusema, "Aina hii inakwisha," kwa maana katika daftari aina hii haikuwapo. Aliyepatikana alihesabiwa kwa mwingine.

Hata huko Vietnam jambo hili lilizusha mabishano. Katikati ya mji wa Hanoi liko ziwa la Hoan Kiem, maana yake Upanga Uliorudishwa. Masimulizi yasema kwamba mfalme Le Loi, aliyeshika ufalme mwaka 1428, alimrudishia kobe wa dhahabu upanga wake katika ziwa hilo. Kobe mkubwa aliyeishi humo aliheshimiwa sana. Mwaka 2000 profesa Ha Dinh Duc alitoa shauri kwamba kobe huyo ni aina yake peke yake, akampa jina la mfalme. Wataalamu wengine walipolinganisha mifupa na vinasaba, yaani chembe za urithi, walisema huyu ni yule yule wa Swinhoe.

Mabishano haya hayakuwa ya fahari tu. Kama ni aina mbili, basi kila nchi ina wazee wachache wasio na mwenzi. Kama ni aina moja, basi dume wa Uchina aweza kuozwa jike wa Vietnam. Lakini wakati ulikuwa umekwisha kuwa mfupi. Uchina ilimpeleka jike kutoka Changsha kwa dume wa Suzhou mwaka 2008. Alitaga mayai, lakini hayakuangua. Kobe wa Hoan Kiem alikufa Januari 2016. Jike wa Suzhou alikufa Aprili 2019, baada ya jaribio la kumpandikiza mbegu. Katika ziwa la Dong Mo, karibu na Hanoi, jike alithibitishwa mwaka 2020, na matumaini yakafufuka. Lakini Aprili 2023 jike alikutwa amekufa katika ziwa hilo hilo. Baada ya hapo, aliyejulikana kwa yakini alibaki dume mmoja, yule wa Suzhou.

ALIYEANDIKWA ASIYEKUWAPO

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1997 majina kadhaa mapya ya kobe wa Uchina yalitolewa kutokana na wanyama walionunuliwa kwa wafanya biashara wa Hong Kong. Mahali walipotoka paliandikwa kama muuzaji alivyosema. Mmoja aliitwa Mauremys iversoni, wa pili Mauremys pritchardi, wa tatu Cuora serrata, na wengineo. Walionekana kuwa adimu kuliko wote, hivyo wapenda kobe wakawatafuta kwa fedha nyingi.

Mwaka 2001 James Parham na wenzake walichunguza vinasaba, wakatangaza mashaka yao. Na uchunguzi wa miaka iliyofuata ukathibitisha. Hao hawakuwa aina mpya, bali machotara, kama baghala azaliwavyo na punda na farasi. Yule iversoni, kwa mfano, ni mtoto wa kobe wa mistari mitatu na kobe wa manjano, wanyama wa milango miwili mbalimbali, ambao mashambani walifugwa pamoja. Mto aliotoka haukuonekana kwa sababu haukuwapo.

Hata hivyo tusihukumu kwa haraka kwamba kila jina la sokoni ni bure. Cuora zhoui, aliyepewa jina mwaka 1990, naye alijulikana kwa wanyama wa sokoni, na vinasaba vyasema ni aina halisi. Lakini mabingwa hawajapata kumwona katika mto wake. Ni kama mtoto aletwaye shuleni pasipo mtu ajuaye kwao. Yupo, ana jina, lakini hujui umrudishe wapi.

DAFTARI LIKITENGENEZWA

Faida ya daftari zuri yaonekana kwa kobe wakubwa wa mito wa mlango wa Batagur. Zamani walihesabiwa wote kuwa aina moja, tangu India hata Malaya. Mwaka 2008 uchunguzi ulionyesha kuwa ni aina mbili: wa kaskazini, ambaye dume lake wakati wa kujamiiana huwa na wekundu shingoni na miguuni, na wa kusini, ambaye dume lake huwa jeusi. Tangu hapo walinzi wamejua wasiwachanganye katika mabwawa ya kuzalishia, wasije wakatengeneza machotara wakidhani wanaokoa ukoo.

Na sheria nayo hufuata majina. Mwezi wa Aprili 2000, mataifa yalipokutana Gigiri, Nairobi, katika mkutano wa mapatano ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, yalikubali kwamba mlango wote wa Cuora uwekwe chini ya uangalizi, kila mnyama auzwaye ng'ambo awe na kibali. Ilikuwa busara kuandika mlango wote, maana ofisa wa forodha aliyefunguliwa gunia hawezi kupambanua kila aina.

Basi, wasomaji, msidhani kwamba wanaobishana juu ya majina ya Kilatini wanapoteza wakati. Jina la kweli, lililoandikwa pamoja na mahali na tarehe, ndilo mwanzo wa ulinzi. Anayepata kobe, samaki au ndege asiyemjua na aandike amempata wapi na siku gani, kabla ya kuuliza anaitwaje. Jina laweza kusahihishwa baadaye na mabingwa. Mahali pasipoandikwa hapapatikani tena. Yule mzee mmoja wa Suzhou ni ushahidi wa kutosha.

Hadi juma lijalo, kwaherini.