Mnalipa Ada ili Mtoto Akae?

"Hatulipi mamilioni ili watoto wakacheze!" Baba mmoja alitamka hayo kwenye kikao cha wazazi wa shule moja ya awali hapa Dar es Salaam, na ukumbi ukampigia makofi. Mwalimu kijana aliyekuwa amemaliza kueleza jinsi anavyofundisha hesabu kwa kuruka kamba akainamisha kichwa. Yaliyoniudhi zaidi ni makofi yale.

Imani hii kwamba mchezo ni adui wa masomo imeota mizizi mijini, nayo inawanenepesha watoto wetu. Fuatilieni siku ya mtoto anayesoma mbali na kwao. Saa kumi na moja alfajiri yumo ndani ya basi la shule, anasinzia. Saa mbili yuko kwenye dawati. Jioni ni foleni ya magari, usiku ni kazi za nyumbani, Jumamosi ni tuisheni. Akipata upenyo, anatulizwa kwa katuni na soda. Mwili huo umekimbia saa ngapi?

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji walau dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili hasa. Wa miaka 3 na 4 anahitaji dakika 180 za kujongea, na 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya aheme. Mapumziko ya chai hayawezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo mchezo uingie ndani ya somo lenyewe. Nasisitiza: ndani ya somo, si baada ya somo.

Tunavyo vya kutumia. Kwenye rede, mtoto anakwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa: hapo kuna robo, nusu na kamili, tena ameloa jasho. Kamba inafundisha kuhesabu mbili mbili na tano tano. Kombolela inafundisha nyuma ya, chini ya, kati ya. Mtaala wetu wa elimu ya awali wenyewe unamtaka mwalimu afundishe kwa michezo. Mwalimu anayetii mtaala tunamzomea, anayekaririsha ubaoni tunampa zawadi!

Mama mmoja akanijia na hoja yake: sare zitachafuka. Sare! Shati linafuliwa, mama. Kongosho likishaelemewa na kisukari cha aina ya pili halifuliwi. Ugonjwa huo tuliuita wa watu wazima, na sasa unawafikia watoto.

Wapo pia wanaojivunia mtoto kibonge, eti ndiyo dalili ya kwao kushiba. Bibi aliyezika watoto kwa utapiamlo ana haki ya kufurahia mashavu yaliyojaa. Baba anayemnunulia mwanawe chipsi kila jioni na kumshusha kwa gari mlangoni pa darasa hana udhuru huo. Mwaka 2022, watoto na vijana milioni 390 duniani wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 160 kati yao walikuwa na unene uliokithiri. Hiyo si shibe.

Na hizi shule zenyewe! Nyumba ya kuishi inabandikwa kibao, ua unamwagiwa saruji, panapobaki panaegeshwa mabasi. Uwanja hakuna, lakini mahafali ya chekechea yapo, na majoho, na keki, na mchango wa lazima. Mitaani nako maeneo ya wazi yanamezwa na fremu za maduka na baa huku viongozi wakitazama. Tumewanyang'anya watoto ardhi ya kukimbilia, kisha tunawapeleka kliniki kuuliza mbona wananenepa.

Akili ya mtoto wa miaka mitano haikai kwenye kiti ikimsubiri mwalimu. Inaamka miguu inapoamka. Anayemfungia darasani kutwa anamnyima afya, na elimu aliyoilipia haipati.

Mzazi, ukitafuta shule Januari, usianze na rangi ya basi wala Kiingereza cha mapokezi. Uliza uwanja uko wapi, na somo gani lilifundishiwa humo wiki hii. Wakikuonyesha madawati tu, ondoka na ada yako.