Utabiri Usio na Tarehe

Sisi tufundishao Kiswahili katika sehemu za Kawempe, hapa Kampala, tuna neno la kusema juu ya manabii wa mtaani. Hatukusudii kuingilia imani ya mtu. Tunalozungumzia limo ndani ya kazi yetu, nalo ni lugha. Nabii wa siku hizi hufanya kazi kwa maneno, kama sisi, na maneno yake yafaa yasahihishwe kama yasahihishwavyo ya mwanafunzi.

Kutoka Kalerwe hadi Bwaise, na kupanda na barabara ya Bombo, vipaza sauti havinyamazi, na mkesha wa mwaka mpya ndio sikukuu kubwa ya watabiri. Msikilize mmoja wao kwa sikio la mwalimu: "Mwaka huu mtu mkubwa ataanguka." Mtu mkubwa ni nani? Waziri, mwenye duka, au mzee wa mtaa? Na kitenzi hicho "kuanguka" kina maana ngapi? Mtu huanguka katika uchaguzi, huanguka kibiashara, huanguka bafuni, hata mwenye kifafa husemwa ameanguka. Katika miezi 12 haiwezekani asipatikane mkubwa mmoja aliyeanguka. Au tuseme: "Humu ndani yumo mama asumbuliwaye na mgongo." Katika wasikilizaji 500, wengi wao wachuuzi wabebao mizigo tangu alfajiri, la ajabu lingekuwa kumkosa mama huyo. Mwanafunzi wetu akiandika insha ya namna hii twamrudishia daftari lake.

Kiswahili chajua kuyatenga mambo haya. Tunaye nabii, tunaye mtume, tunaye mwaguzi, tunaye mpiga ramli na mnajimu. Neno "kutabiri" limetujia kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kufasiri ndoto. Leo twalitumia hata kwa mtu wa hali ya hewa. Lakini huyu hutaja mahali na siku, na kesho yake kila mtu huona kama amekosea. Ndiyo sababu watu humcheka. Nabii wa mtaani hachekwi, kwa kuwa hakutamka neno lolote liwezalo kukosea.

Wapo watakaosema kwamba twadharau Maandiko. Maandiko yenyewe ni makali kuliko sisi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, latoa kipimo: jambo alilolinena nabii lisipotukia, basi hakutumwa. Nao Waislamu, ambao hapa Kawempe ni wengi, hufundishwa kwamba unabii ulikoma kwa Muhammad, na kwamba nafsi haijui itachuma nini kesho. Ni nani basi aliyewapa hawa wa kwetu ruhusa ya kutopimwa?

Wako pia waliothubutu kutaja tarehe. Viongozi wa kundi la Kurudisha Amri Kumi za Mungu, huko Kanungu, walifundisha kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Wafuasi wakauza mali zao. Januari 2000 ikaingia, jua likachomoza kama desturi yake, na tarehe ikasogezwa mbele. Machi 17, 2000, mamia ya watu wakateketea ndani ya jengo moja, kisha yakagunduliwa makaburi katika nyumba nyingine za kundi hilo, mojawapo hapa hapa Kampala, sehemu za Buziga. Wala viongozi hao hawakuwa mbumbumbu: Joseph Kibwetere alikuwa mtu wa shule na siasa, na Dominic Kataribabo alikuwa padri aliyesoma hadi Marekani. Twalikumbusha hili kwa kuwa wenzetu wengi hudhani cheti ni kinga. Ila liko jambo moja limgusalo zaidi mwalimu wa lugha. Katika kambi zile watu walizuiwa kuzungumza. Waliwasiliana kwa ishara, eti wasije wakavunja amri ikatazayo kushuhudia uongo. Aliyenyang'anywa kinywa atauliza vipi, "Tarehe imepita, sasa je?"

Na huko Shakahola, pwani ya Kenya, ambako maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, mahubiri yalitolewa kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na shule ilihesabiwa kuwa dhambi.

Turudi nyumbani. Agosti 10, 2024, jaa la takataka la Kiteezi, mbele kidogo ya Mpererwe, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Katika yote tuliyoyasikia mkesha wa mwaka ule, hatukusikia mtu akiitaja Kiteezi. Walioitaja ni watu wa ofisini, waliokwisha kusema mapema kwamba jaa lile, lililofunguliwa mwaka 1996, limejaa kupita kiasi. Maneno yao yalikuwa na mahali, na sababu, na kipimo. Hayakuwa na kinanda nyuma yake, na hayakusikilizwa.

Twapendekeza zoezi kwa walimu wenzetu. Mkesha ujao, kila mwanafunzi mwenye umri wa kutosha na aandike daftarini utabiri atakaousikia, neno kwa neno, pamoja na siku na mahali uliposemwa. Daftari lifungiwe kabatini. Desemba ifuatayo lifunguliwe, darasa zima lisahihishe kwa wino mwekundu: kiima kiko wapi, wakati ni upi, jambo limetukia au halikutukia. Atakayeonekana amepata, apewe alama zake zote.