Nyasa ina kafi, Olimpiki inataka kasia

MACHO ya mashabiki wengi yako kwa Simba na Yanga, na hilo halina ubaya. Lakini huko Dakar, Senegal, kuna jambo linaiva ambalo linaugusa ufukwe wa Ziwa Nyasa kuliko watu wanavyodhani.

Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya 2026 ndiyo ya kwanza ya Olimpiki kupewa Afrika, na kwenye ratiba yake zimo mbio za makasia za ufukweni. Miaka miwili baadaye, Los Angeles 2028, mbio hizohizo zinaingia Olimpiki ya wakubwa kwa mara ya kwanza.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mchezaji anatimua mbio mchangani, anarukia chombo, anapiga kasia mita 250 akipinda kwenye maboya, anageuza, anarudi mita 250, anaruka chini na kukimbilia kumaliza. Baada ya mchujo wa muda, wanakutana wawili wawili kwa mtoano.

Kwa miaka mingi, kasia ya Olimpiki ilikuwa mita 2,000 kwenye maji tulivu yaliyopangwa njia kwa maboya. Kujenga sehemu ya namna hiyo ni gharama kubwa. Mbio za ufukweni zinataka mchanga na mawimbi. Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wanavyo hivyo bure.

Hapo ndipo hesabu ya haraka inapowaponza watu. Utasikia: wavuvi tunao, mabega wanayo, si wachaguliwe tu waende? Jibu ni hapana, na sababu imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Mvuvi wa Nyasa anatumia kafi. Kafi linashikwa kwa mikono miwili bila kufungwa popote, na mpigaji anatazama anakokwenda. Kasia ni kitu kingine. Linakaa kwenye kishwara ubavuni mwa chombo, mpigaji anakuwa nalo moja kila mkono, na anakaa akiwa ameipa mgongo njia yake. Kiti kinateleza kwenye reli. Nguvu kubwa inatoka miguuni, kisha mgongo, na mikono inamalizia tu. Wakati wa kurudi mpangilio unageuka: mikono kwanza, mgongo, miguu mwisho.

Mtu aliyekua na kafi atavuta kwa mikono tangu pigo la kwanza. Ni kama fundi wa chandimu aliyezoea kupiga chenga kwenye uwanja wa vumbi, halafu siku ya kwanza anavalishwa viatu vya njumu na kuambiwa acheze mfumo. Kipaji anacho, lakini lazima afundishwe upya. Kocha akizembea mwanzoni, kosa litamfuata mpaka siku ya fainali.

Sasa mweke pembeni kijana wa Matiri. Matiri iko wilaya ya Mbinga, lakini iko bara, ufukwe uko mbali nayo. Kijana wa huko huenda hajawahi kushika kafi. Lakini amekulia kwenye nchi ya milima, anapanda na kushuka kila siku, mara na mzigo kichwani. Kwenye mchezo ambao injini yake ni miguu, huyo hayuko nyuma kama anavyodhaniwa. Na hana tabia ya zamani ya kuivunja.

Ndiyo maana klabu ya jamii ya makasia ikianzishwa upande huu wa Ruvuma, isiwe mali ya wavuvi peke yao. Matiri na Lituhi wote wanaanza sifuri, kila mmoja kwa sifuri yake.

Somo la kwanza halimhusu kasia hata kidogo. Ni kuogelea. Anayeanza aogelee akiwa na nguo zake, apinduliwe na chombo kwa makusudi kwenye maji mafupi, ajifunze kuchomoa miguu na kukishikilia chombo badala ya kukiacha akijitosa kuelekea nchi kavu. Nyasa si bwawa la hoteli. Kina chake kinafika karibu mita 700 sehemu yenye kina kirefu zaidi, na kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki unaweza kuchafua ziwa ghafla. Karibu na midomo ya mito, kama Ruhuhu, kuna mamba. Kwa hiyo mazoezi ni asubuhi mapema, jaketi okozi mwilini, kocha kwenye chombo cha pili jirani, na eneo lililochaguliwa na wazee wanaolijua ziwa. Wavuvi hapo ndipo thamani yao inapoonekana. Wao ni walimu wa maji kabla hawajawa wachezaji.

Somo la pili linafanyika nchi kavu. Benchi la mbao, kishwara mbili na makasia mawili yaliyochongwa na fundi wa mitumbwi vinatosha kufundisha miguu, mgongo, mikono. Hili Matiri wanaweza kulifanya hata uwanja wa shule, wakashuka ziwani mwishoni mwa wiki.

Somo la tatu ndilo la chombo, na lifanyike polepole. Anayeanza hupewa mapigo 18 mpaka 20 kwa dakika, hata kama misuli inamwambia aongeze. Vyombo vya ufukweni vinasamehe. Cha mtu mmoja kina urefu usiozidi mita 6 na uzito usiopungua kilo 35, tofauti na kile cha mita 2,000 chembamba kama mshale, kinachoruhusiwa kushuka mpaka kilo 14. Bado ni vyombo ghali. Klabu ya kijijini ikipata kimoja au viwili itafundisha kwa zamu.

Halafu kuna suala ambalo viongozi wengi wa michezo hulikwepa. Los Angeles kuna medali tatu za mbio za ufukweni: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, na mseto wa mwanamume na mwanamke kwenye chombo kimoja. Kuvua kwenye ziwa kumezoeleka kuwa kazi ya wanaume. Ukichagua kutoka kwa wavuvi tu, umeshazitupa medali mbili kati ya tatu kabla mechi haijaanza. Ukianza na wanafunzi, wasichana na wavulana sawa, uko ndani.

Anayeona hizi ni ndoto aangalie jirani. Kathleen Noble wa Uganda alikuwa muogeleaji, kasia alikutana nalo akiwa chuo kikuu Marekani. Oktoba 2019 akafuzu kwenye mashindano ya Afrika mjini Tunis, akawa Mganda wa kwanza kupiga kasia Olimpiki, Tokyo. Paris 2024 akarudi tena. Hakutoka familia ya wavuvi. Alikuwa anajua maji, akafundishwa kwa mpangilio.

Paris hiyohiyo Tanzania ilipeleka wanamichezo saba. Medali za nchi hii kwenye Olimpiki bado ni zile mbili za fedha za Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Ruvuma nayo, tangu Majimaji ishuke Ligi Kuu mwaka 2018, imekosa cha kushangilia.

Hatari iliyopo ni joto la Dakar kuzaa bonanza. Zawadi inawekwa, mitumbwi inapangwa, watu wanashangilia, jioni kila mtu anarudi kwake. Kanda ya Ziwa mashindano ya mitumbwi yameshangiliwa kwa miaka mingi, lakini hayajaleta mpiga kasia wa Olimpiki, kwa sababu hukutanisha watu waliokwisha iva. Hayamfundishi mtoto asiyejua.

Fedha za bonanza moja zingeweza kununua majaketi okozi, mbao za mabenchi na posho ya mwalimu wa kuogelea. Baada ya mwaka mmoja, kabla ya kuuliza nani ana kasi, klabu ihesabu kwanza vijana wangapi wa Matiri na Lituhi wanaopinduka na chombo na kurudi juu yake bila kusaidiwa. Hao ndio kikosi.