Pua Yako Ni Kiwanda, Lakini Usitupe Inhela

Wasee wa Kitengela, leo naanza kwa kujishtaki. Kuna vidio nilipost nikisema pua hutengeneza gesi inaitwa nitriki oksidi, kwa hivyo ukipumua kwa pua mapafu yako yako sawa. Vidio ikatembea. Wiki moja baadaye binamu yangu wa Noonkopir, mwenye pumu, akaweka inhela yake kando. "Buda, si ni wewe ulisema pua inatosha?" Usiku mmoja wa vumbi tulimkimbiza hospitali kwa boda, kifua kikilia kama filimbi. Alipona. Vidio nikaifuta.

Najua utasema, wewe uliacha chuo, sayansi unaitoa wapi? Fair. Ndiyo maana safari hii nimesoma kabla ya kuongea.

Story ya pua haikuwa uongo. Mwaka 1991 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba pumzi ya binadamu ina nitriki oksidi. Mwaka 1995 ikaonekana kwamba sainasi, yale mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso, huitengeneza kwa wingi sana. Jaribu hii: funga mdomo, uvume "mmmm". Utafiti wa 2002 ulipata kwamba ukivuma hivyo, gesi inayotoka puani huongezeka karibu mara 15, kwa sababu mtikisiko unaitoa hewa iliyokaa kwenye hayo mapango. Nyingine hutoka mdomoni: ukila sukuma au terere, bakteria wa ulimi huanza kuigeuza nitrati ya mboga, na mwisho inapatikana gesi hiyo hiyo.

Sasa, penye nilikosea ni hapa. Kuna chanzo cha tatu: njia za hewa zinazoingia mapafuni. Zikiwa na uvimbe wa pumu, seli zake hutoa nitriki oksidi nyingi kuliko kawaida. Hiyo si zawadi. Ni moshi unaokuambia kuna moto.

Madaktari hata huipima. Unapuliza polepole kwenye mashine kwa mdomo, dhidi ya kizuizi kidogo, ndio njia ya kwenda puani ijifunge na gesi ya sainasi isiharibu hesabu. Kwa mtu mzima, chini ya sehemu 25 kwa bilioni ni kiwango cha chini. Ikipita 50, uvimbe unaweza kuwa unawaka. Na sikiza hii: inhela ya steroidi, ile ya kutumia kila siku, huishusha hiyo namba. Dawa inatibu, gesi inapungua!

Kwa hivyo msee akikuuzia unga wa "kuongeza nitriki oksidi" ati utibu pumu, muulize: unaongeza ya wapi? Namba kubwa peke yake si afya. Ndogo pia si cheti, maana wavutaji sigara huwa na kiwango cha chini, na hakuna mtu atakuambia mapafu yao ni safi.

Sisi tunaishi kando ya barabara ya Namanga, malori usiku na mchana, viwanda vya simiti pale Athi River, na kiangazi vumbi linaingia hadi kwa chai. Pumua kwa pua, ndiyo, inachuja vumbi na kupasha hewa joto. Kula sukuma yako. Lakini kama una pumu, inhela ikae mfukoni, na dawa ya kila siku usiiache kwa sababu ya vidio ya sekunde 40. Hata kama ni yangu.

Sisi wa kontenti tunapenda sentensi fupi. "Pua inatosha" ilikuwa fupi sana, na karibu initoe binamu. Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kusoma script zangu, na akisema "hapo umetudanganya," nafuta.

Wewe je, ni ushauri gani wa afya ulifuata mtandaoni ukajuta? Niambie hapo chini.